Kikombe cha Tano

Nilipokuwa mtoto wa miaka minne, usiku mmoja wa kiangazi, nyumba yetu ya Gongoni ilisikia mlio mmoja. Du! Mchi ndani ya kinu kitupu. Mara moja tu, kisha kimya.

Aliyepiga ni mimi. Nilitoka kitandani, nikavuka ua bila viatu, nikaushika mchi mdogo ambao Mama alinichongeshea kwa seremala wa mtaani, nikaushusha kinuni. Halafu nikasimama, nikangoja.

Kwetu Tabora mtoto hukatazwa kutwanga kinu kitupu hata mchana, maana anayetwanga pasipo na chakula huitia nyumba msiba. Usiku ndiyo usiseme. Bibi, mama mzaa baba, alitoka chumbani kwake kanga moja kifuani, sauti juu.

"Nilisema! Si nilisema? Mtoto huyu hasemi na sisi kwa sababu anasema na mwenzake. Anamwita!"

"Mama, ni mtoto, anacheza," Baba alisema kutoka mlangoni. Hakuvuka kizingiti.

"Kinu kitupu ni mchezo? Haya, nenda nawe ukacheze!"

Mama alitoka wa mwisho. Alikuja moja kwa moja mpaka kwenye kinu, akauchukua mchi mkubwa kwa mikono miwili, akapiga. Du! Kisha akanitazama, akangoja. Nikapiga wangu. Akapiga wake. Mara tatu, mara nne, sisi wawili, katika kinu kisicho na punje hata moja, huku Bibi ameziba masikio na kuomba ulinzi wa Mungu.

Tangu usiku ule nyumba yetu ilikuwa na vita ya wazi, na uwanja wa vita ulikuwa mimi.

Nilizaliwa pacha. Mwenzangu, wa kiume, alinitangulia kutoka tumboni na akanitangulia kaburini, tukiwa bado hatujafikisha miaka miwili. Majina ya mapacha kwetu hayachaguliwi. Huja na mapacha wenyewe, moja la wa kwanza na moja la wa pili, na ukitaja moja umekwisha kutaja yote mawili. Kwa hiyo baada ya maziko Bibi aliyapiga marufuku yote. Mimi nikabaki "wewe mtoto". Hili la Zuhura nililipata siku ya kuandikishwa shule. Na Mama, ambaye kama mzazi mwingine yeyote alikuwa akiitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza, akarudi kuwa "wewe mwanamke". Majirani walimwogopa Bibi. Wakikutana na Mama bombani walimwita dada, wakaangalia ndoo zao.

"Pacha aliyekufa hulishwa, haitwi," Bibi alikuwa akisema, na alisema ameyapokea hayo kwa mama yake. Akilishwa hutulia. Akiitwa huja, na akija haondoki peke yake. Basi vikombe vyetu vya bati, vyeupe vyenye ukingo wa buluu, vilipangwa vitano kila asubuhi kwa watu wanne. Cha tano kilikaa kando ya changu na kutiliwa uji funda moja. Jioni Bibi alikwenda kuumwaga mwenyewe chini ya ukuta.

Baba aliwahi kujaribu. "Mama, jambo hili halimo kwenye dini."

"Na kumbishia mama yako limo?"

Baba akavaa viatu, akaenda kazini.

Tatizo langu lilikuwa kwamba sisemi. Nilisikia, nilielewa, nilicheka nikitekenywa, lakini neno halikutoka. Asubuhi iliyofuata mlio wa kinu, Bibi alitoa hukumu: mvua ya kwanza ikinikuta sijasema, nitapandishwa treni hadi Tura, kwa kaka yake ambaye ni mganga, nikae huko mpaka nitenganishwe na mwenzangu. Nitakaa muda gani, hakusema. Mama alielewa. Alikwisha kuzika mmoja, na sasa anachukuliwa wa pili.

Mama hakuwa na vitabu vya picha wala midoli. Alikuwa na nyumba. Akaamua nyumba ndiyo itakayonisemesha, na kila kazi aliyoifanya akanikatia fungu langu. Akimwaga maharage kwenye ungo, ananikalisha kando yake. "Zima huku, bovu huku. Hili je?" Kisha ananyamaza, anaacha nafasi yangu ya kujibu, hata kama nilijibu kwa kidole. Tukianua nguo: "Ya Baba ndefu, yako fupi. Nipe fupi." Bombani nilikuwa na kidumu changu, na njia nzima yeye alikitangaza: kimejaa, kimepungua, kimemwagika, turudi. Kanga tulikunja pembe kwa pembe, yeye upande mmoja, mimi mwingine, tukikutana katikati. Na kisamvu tulitwanga kwa zamu, kama tulivyokwisha kuzoea hata kabla ya usiku ule. "Nikipiga, ngoja. Nikingoja, piga."

Siku hizi naishi kwa kutunga mashairi, kazi ya kuhesabu mizani na kupanga vina. Watu huniuliza nilijifunzia chuo gani. Chuoni nilifundishwa majina ya vitu hivyo tu. Vyenyewe nilivipata kinuni, kabla sijaweza kusema "maji".

Bibi alikaa mkekani, akatazama yote hayo, na kinywa chake hakikupumzika.

"Mwoneni mwalimu! Anayafundisha maharage kusoma."

"Shikamoo, Mama," Mama alisema, kwa kuwa ilikuwa asubuhi.

"Sina marahaba ya mtu anayesema na jiwe. Mtoto wa miaka minne unamtwisha kazi! Kesho utampeleka kwenye tumbaku?"

"Jiwe lenyewe linakusikia."

"Babu zangu walibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka pwani, mwanamke wewe. Mzigo hubebwa. Hauulizwi jina lake."

Siku moja tulirudi kutoka bombani tukakuta mchi wangu mdogo uko jikoni, kichwa chake kimo ndani ya moto chini ya sufuria ya Bibi. Alikuwa anachemsha maji ya chai. Mama alisimama akitazama mpaka mpini ukashika moto. Kisha akaenda kuchukua mwiko, akanipa, tukaendelea kutwanga. Sikumpenda Bibi yangu, na sitajifanya leo kwa kuwa nimekua. Nakumbuka harufu ya mti ule ukiungua, na nakumbuka kwamba chai aliinywa.

Lakini kazi kubwa kuliko zote ilikuwa ya vikombe. Kila asubuhi Mama alinipa kimoja kimoja, kwa sauti ileile, karibu wimbo.

"Hiki cha nani? Cha Bibi. Hiki cha nani? Cha Baba. Hiki cha nani? Cha Mama. Hiki cha nani? Chako."

Kisha kinakuja cha tano, na Mama ananyamaza. Bibi yupo pale, macho makavu. Mama anakiweka kando ya changu. Wimbo ulikatika mahali palepale kila siku. Mtoto anayejifunza kwamba kila kikombe kina mwenyewe hawezi asikione kisicho na mwenyewe.

Mvua ya kwanza ilinyesha alfajiri, kubwa, ya mawe madogo madogo juu ya bati. Nilipoamka nguo zangu zilikuwa zimekwisha kufungwa ndani ya kanga ya Bibi, kifurushi kimewekwa mlangoni. Treni ilikuwa ya mchana. Baba alikaa kwenye kigoda, anakwaruza tope ambalo halikuwepo kwenye kiatu chake.

Mama hakulia. Alikoroga uji, akaviteremsha vikombe vyote vitano kwa mkupuo, akanipa.

"Panga," akasema.

Nikapanga. Cha Bibi mbele ya Bibi. Cha Baba. Cha Mama. Changu. Nikabaki na kimoja mkononi. Nakumbuka ubaridi wake. Mahali pake nilipajua, lakini sikukipeleka huko. Nilikwenda mpaka kwa Bibi, nikakiweka mapajani pake, nikamwuliza.

"Cha nani?"

Ndiyo maneno yangu ya kwanza duniani. Si mama, si maji. Cha nani?

Baba alisimama. Mama alijiziba mdomo kwa kiganja. Ungedhani Bibi angepiga vigelegele, maana alichokidai ndicho hicho: mtoto aseme. Alikishika kikombe akakirusha uani, kikagonga ukingo wa kinu, rangi ikabanduka.

"Umemfundisha mtoto anihukumu!" alimwambia Mama.

"Amesema, Mama," Baba alisema. Akainama, akakifungua kile kifurushi mlangoni, akaanza kuzitoa nguo zangu moja moja. "Tura hakuna safari."

"Amesema! Amesema nini?"

"Amekuuliza," Mama akasema. "Mjibu."

Bibi aliinuka. Aliingia chumbani akajifungia mpaka adhuhuri. Mimi sikwenda Tura, na tangu siku hiyo sijanyamaza. Majirani walikuja kusikiliza, wakaanza kusema kwamba dawa ya Bibi imefanya kazi kabla hata ya kunywewa. Kesho yake kikombe kilirudi mahali pake kando ya changu, ukingo wake una kovu. Hakuna aliyesema amekirudisha yeye. Na hakuna aliyejibu.

Miaka zaidi ya ishirini wale wanawake wawili wakaishi chini ya paa moja bila kusameheana. Nilikuwa nikirudi likizo nawakuta vilevile: "Mwambie bibi yako uji tayari." "Mwambie mama yako nimesikia." Baina yao palikuwa na hatua tatu tu.

Mwaka mmoja kabla hajafa, Baba aliniambia jinsi mwenzangu alivyokufa. Mapacha tulishikwa na homa wote wawili, Baba akiwa safarini. Mama asingeweza kubeba wawili mpaka hospitali. Akamgusa huyu, akamgusa huyu, akaniona mimi ndiye ninayewaka zaidi. Bibi akasema, "Huyu mwachie mimi, joto lake dogo." Mama alinifunga mgongoni akakimbia. Aliporudi kumchukua wa pili, alimkuta mapajani pa Bibi, amefunikwa.

"Mchana bibi yako alisema mama yako alichagua," Baba alisema. "Usiku nilimsikia akisema mengine, peke yake."

Nimelichukua jambo hilo na kuligeuza mara nyingi. Halijanifanya nimpende. Kuwa na kidonda si ruhusa ya kumnyima mtoto jina lake, wala ya kuuchoma mchi wake. Lakini nimeelewa kitu. Sidhani kama Bibi aliogopa kwamba akiitwa yule mtoto atakuja. Aliogopa atakuja aulize. Na mimi, kwa ujinga wa miaka minne, nikamwuliza kwa niaba yake, tena kwa kumwekea kikombe palepale mapajani alipofia mwenzangu. Na usiku ule wa kinu, niliposhusha mchi mara moja nikangoja, nilikuwa namngoja nani? Mama alinifundisha kwamba kila pigo lina wa kulijibu. Zaidi ya hapo sijui, na siwezi kuapa kwamba Bibi alikosea aliposema namwita mwenzangu.

Sasa nina binti, Sauda, naye ana miaka minne. Muhula huu mwalimu wake wa chekechea alituita wazazi akatugawia karatasi: mshirikishe mtoto kazi za nyumbani, apange vyombo, achambue nafaka, ahesabu, ataje. Mzazi mmoja nyuma yangu akasema, "Kwani tunawaleta hapa wakafundishwe kuosha masufuria?" Watu wakacheka. Mimi niliikunja karatasi ile kwa hasira mpaka ikawa ndogo kama dengu. Lililoitwa ujinga katika ua wa mama yangu limerudi likiwa na mhuri.

Mwezi uliopita nilimpeleka Sauda Gongoni. Baba hayupo tena. Bibi macho yamemwisha, anakaa kwenye mkeka uleule, na anayempikia, anayemkata kucha na kumpeleka msalani ni Mama, bila maneno yasiyo ya lazima. Asubuhi Sauda aliomba apange vikombe. Nilimfundisha mimi, kwa wimbo uleule. Sikuwa nao mwingine.

"Hiki cha Bibi Mkubwa. Hiki cha Bibi. Hiki cha mama. Hiki changu." Akakiinua cha mwisho, chenye kovu. "Na hiki? Hiki cha nani?"

Mwiko wa Mama ukasimama ndani ya sufuria. Nami, mwanamke mzima mwenye hasira zangu zote, nilifungua kinywa nimwambie mwanangu anyamaze. Naona haya kuandika hivyo.

"Nipe," Bibi akasema, amenyoosha mkono hewani.

Sauda akampa. Kidole gumba cha Bibi kikazunguka ukingo polepole, kikalifikia kovu, kikatulia hapo.

"Cha mjomba wako."

"Mjomba gani? Anaitwa nani?"

Bibi aligeuza uso kufuata harufu ya uji, kuelekea alipo Mama. Midomo yake ilianza, ikakwama, ikaanza tena. Akakisogeza kikombe mbele kwa mikono yote miwili.

"Mtilie mwanao uji," akasema, "Mama Kulwa."