Paa wa Boksi la Feni

Kwetu Ansab, Oman, miaka ile ya tisini, kijana hakuhesabiwa kijana mpaka asubuhi ya Idi asimame na wajomba na binamu zake kulenga shabaha. Nilipoingia sekondari nikaahidiwa bunduki yangu ya kwanza, na usingizi ukanipaa.

Mshauri mkuu alikuwa babu. Ujana wake ulipita Tabora, na hadithi za paa wa huko tulizijua kwa moyo. Oman paa hawindwi, serikali imekataza, lakini babu alishikilia kwamba bunduki ya kwanza huchaguliwa kana kwamba paa yuko mbele yako. Kwake maana yake ilikuwa moja tu: bunduki ndefu, nzito, yenye pete za fedha kwenye mtutu, ukiibeba harusini watu wageuke.

"Mtoto mkono wake mfupi huyu," alisema bibi, akichambua mchele. "Mpeni saktun."

Saktun ni bunduki ndogo, risasi zake kama kokwa za tende. Babu alicheka sana. "Wallahi, wewe bunduki unaijulia wapi?"

Bibi akaendelea na mchele wake.

Ijumaa moja baada ya sala tukaenda kwa gari bondeni nyuma ya vilima, na bunduki mbili tulizoazima kwa mjomba. Bibi alikuwa amechora paa kwa mkaa kwenye boksi la feni, pembe na mkia. Nikaanza na ile ndefu. Mtutu uliinama wenyewe, kitako kikanisukuma bega, nikakaa chini kwenye mawe. Nikajaribu tena, nikaupiga mlima. Nilitaka kulia, kwani nilikwisha kuwaona binamu zangu wakinicheka Idi nzima.

Bibi akaichukua saktun. Akafunga kanga kiunoni, akafumba macho, akaipandisha begani, akayafumbua.

"Ukifumbua macho ukaikuta inatazama unakotaka, hiyo ndo yako," alisema. "Ukiwa bado waitafutia njia, hiyo ya mwenzio."

Akafyatua. Tundu tulilikuta nyuma ya bega la paa, pale pale pa moyo.

Nikamgeukia babu. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Babu, wale paa wa Tabora..."

"Nliwabeba mimi," alisema. "Na paa mzito, usidhani!"

Bibi alicheka mpaka akaegemea gari. Nami nikafumba macho kama yeye, nikaipandisha saktun, nikafumbua. Paa alikuwa mbele yangu kweli. Risasi yangu ikatoboa sikio, na furaha niliyoipata sijaipata tena kwa jambo dogo kama lile.

Wiki ile ile tukaenda sokoni Matrah kununua saktun yangu. Mwenye duka, mzee wa makamo ya babu, alinitazama, akaitazama saktun, akauliza nani atanifundisha kulenga.

Babu ndiye aliyejibu, kifua mbele, duka zima lisikie.

"Mke wangu."