Kontena Lililoitwa Baba

Mke wangu alikuwa akiongea na mashine kabla hajaongea na mimi, na kwa miaka mingi jambo hilo lilinikera. Mimi ni fundi cherehani. Asubuhi nataka chai na mtu wa kupiga naye soga. Yeye alikuwa ameshainamia ile skrini nyeusi kwenye meza ya jikoni, anaandika amri mojamoja huku kikombe chake kikipoa. Alikuwa akitunza kompyuta za kituo kidogo cha redio, kilekile alikokuwa akitangaza baba yake. Siku hizi amestaafu, chai tunakunywa pamoja ikiwa ya moto, na mimi mkaidi ndiye ninayezikumbuka asubuhi zile.

Aliwahi kunieleza kazi yake tukiosha vyombo. Kontena, alisema, ni programu iliyofungashwa pamoja na kila inachohitaji, isiingiliane na jirani yake. Kwenye kompyuta moja yanakaa makontena mengi: la habari, la muziki, la matangazo ya biashara. Ukilizima, limelala tu na vitu vyake vyote, ukiliwasha, linaendelea. Ukilifuta, limekwenda na kila kilichokuwa ndani. Ndiyo maana wenye akili huweka mafaili ya maana nje, kwenye folda ya kompyuta yenyewe, kontena likawa linayachungulia tu.

"Na wewe umeyaweka nje?" nikamuuliza.

"Yote, isipokuwa ya Baba."

Kila kontena lazima liwe na jina, na yeye aliyapa ya ukoo. La habari alikuwa Shangazi, kwa sababu hanyamazi. La muziki alikuwa Shemeji. Baba ndilo la kwanza kabisa aliloliunda, akiwa bado anajifunza, na humo ndimo zilimokaa rekodi za baba yake mzazi. Wateja wangu walizoea kumwona akiingia dukani na simu sikioni akisema, "Shangazi ameganda tena, mzime kwanza halafu umwashe." Mama mmoja niliyekuwa nampima gauni aliniuliza kwa upole kama mgonjwa amepelekwa hospitali.

Mkwe wangu alikuwa na kipindi kifupi kila asubuhi saa moja. Hakugusa siasa wala mpira. Alizungumzia jirani anayejua habari zako kabla yako, kiatu kinacholia ukiingia mahali penye utulivu, namna ya kumwonyesha mgeni kwamba usingizi umekushika. Mimi mwenyewe aliwahi kunianika hewani kwa suruali niliyomshonea, mguu mmoja mfupi. Mji mzima ulicheka. Nilinuna wiki nzima, halafu wateja wakaongezeka, nikajifanya nimesamehe. Alikuwa na sauti nzito isiyo na haraka, na mpaka leo sijasikia nyingine iliyonifanya niache kushona ili nisikilize.

Alipofariki, wasikilizaji waliomba kipindi kisikome. Kituo kikaendelea kurusha rekodi zake za zamani, moja kila asubuhi. Mama mkwe alikuwa akiwasha redio jikoni kwake na kumjibu mumewe huku akipiga deki. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia, "Hapo umeongeza chumvi." Akili zake zilikuwa timamu kuliko zangu. Alikuwa akimkumbuka mumewe, basi, na hiyo ndiyo njia aliyoipata ya kukaa naye.

Mke wangu alijua kwamba rekodi zile zilipaswa kutolewa nje ya kontena. "Nitazitoa Jumamosi," alikuwa akisema, na Jumamosi zikapita. Sikuwa na la kumlaumu. Kila alipozifungua alianza kuzisikiliza, na akishaanza kusikiliza, kazi imekwisha hapo.

Siku moja umeme ulikatika alfajiri. Uliporudi, makontena mengine yote yaliamka yenyewe, kwa kuwa alikuwa ameyaagiza hivyo. Baba aliundwa kabla yeye hajalijua agizo hilo, kwa hiyo alibaki amelala. Kwa kawaida angemwasha kwa mkono mara tu anapoingia kazini. Lakini alipofika alikuta diski imejaa, watu wa habari hawawezi kuhifadhi taarifa hata moja, na meneja amesimama nyuma ya kiti chake akichezesha funguo. Akaandika ile amri aliyozoea kuiandika nafasi ikiisha, ya kufagia, yaani kuyafuta, makontena yote yaliyolala. Kompyuta ikamuuliza kama ana uhakika. Vidole vikajibu ndiyo.

Meneja akashukuru, akaenda zake. Mke wangu akaorodhesha makontena yaliyobaki: Shangazi, Shemeji na wenzao. Akaorodhesha tena. Saa moja ilipofika, mtangazaji wa zamu hakuwa na la kufanya, akaweka muziki. Mara simu ikalia.

"Mwanangu," mama yake akasema, "leo baba yako hajaamka?"

Mke wangu alimwambia tu kwamba anakuja.

Alinipitia dukani akiwa na uso usiohitaji maelezo. Nikamuuliza kama hakuna nakala. Akasema nakala zote ni za folda za nje. Nikaacha shati la watu mezani, tukaondoka.

Mama mkwe alikuwa jikoni, redio bado inapiga muziki. Mke wangu hakuzungusha maneno.

"Mama, rekodi za Baba nimezifuta. Ni mimi, kwa mkono wangu. Hazirudi."

"Zote?"

"Zote."

Mama mkwe akaegemea sinki. Nilidhani atalia, kumbe anapandwa na hasira. Sikuwahi kumwona hivyo.

"Wewe una mumeo huyo hapo," akasema. "Anakoroma, ananung'unika, lakini yupo. Mimi nilikuwa na ile sauti tu. Hiyo tu."

Mke wangu alisimama akapokea yote bila kujitetea. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Kisha mama mkwe akavuta kiti, akakaa.

"Leo ilikuwa zamu ya ipi?" akauliza.

"Ya mwavuli."

"Unaikumbuka?"

"Kidogo."

"Haya, sema."

Mke wangu akajikohoza. "Kuna watu wakiazima mwavuli wako, wanakuwa kama wameuoa. Ukiwadai—"

"Hapana," mama yake akamkatiza. "Alikuwa ananyamaza kwanza, ndipo anasema wameuoa. Rudia."

Akarudia. Safari hii alinyamaza mahali panapotakiwa, na mama mkwe akanyoosha mkono, akazima redio ili amsikie vizuri.