Kadi Nne za Mfaume

Wilbert alikuwa karani wa stoo pale Tabata, na kwa mambo ya kompyuta mtaa mzima ulimwamini. Naye, tusidanganyane, sifa alizipenda kupita kiasi.

Ndiyo maana jirani yake Mfaume, fundi nguo, alipouza cherehani zake zote mbili ili afungue banda la gemu, alimwomba waende wote Kariakoo kuchagua kadi za grafiki, zile zinazochora picha za gemu ndani ya kompyuta. Mgongo ulishamkatalia kushona. Banda hilo ndilo lililobaki limlishe yeye na wanawe.

Muuzaji akawasha kompyuta, akaweka mechi iliyorekodiwa, maana pale dukani kadi hujaribiwa hivyo: mpira usipokwama, kadi nzima. Mpira ukateleza. Mfaume akauliza, mara mbili, kama na gemu zitakwenda vile vile. Wilbert akasoma boksi, akaona giga nne za memori, na chini yake mistari ambayo hakuielewa hata chembe. Akajibu, kifua mbele, kwamba giga nne zinabeba gemu lolote lile. Wakabeba kadi nne.

Banda likafunguliwa Idi Mosi, watoto wamejaa mpaka mlangoni. Jamani, aibu ile! Wachezaji wa kwenye skrini walikimbia hatua moja wakaganda, hatua nyingine wakaganda tena. Wilbert akapunguza ubora wa picha mpaka wachezaji wakakosa nyuso, na bado. Kabla ya adhuhuri watoto walishahamia banda la mtaa wa pili, na kurudi hawakurudi.

Hapo ndipo Wilbert alipoitafuta maana ya ile mistari kwenye simu. Memori ilikuwa ya aina ya zamani, tena njia yake nyembamba: tenki kubwa lenye bomba la mrija. Kuonyesha mpira uliokwisha kurekodiwa ni kazi ndogo. Kuuchora upya mara sitini kila sekunde ndiyo kazi yenyewe. Yote yaliandikwa kwenye boksi. Roho ilimuuma, na alistahili.

Baada ya miezi miwili Mfaume akafunga banda, akaenda kubeba zege Bunju kwa mgongo ule ule mbovu. Wilbert alimfuata alfajiri moja, akamkuta mlangoni anafunga kamba za viatu.

"Kaka, siku ile mie nilikuwa sijui."

Mfaume hakupandisha sauti. "Ungesema hivyo kule dukani, tungemtafuta anayejua."

Akajifunga kanga ya mkewe kiunoni kuushika mgongo, akaikaza, akaenda kazini.