Mikono ya Pasi

Kaka yangu amefagia wodi ya wanaume kwa miaka kumi na tisa. Wodini, na baadaye hata nyumbani, walimwita Pasi, kwa sababu mikono yake ilikuwa na joto hata asubuhi za mvua.

Wodi ile ilikuwa na vitanda kumi na mashine moja ya kupima pumzi, ndogo, yenye mpini, inayohamishwa kitanda hadi kitanda. Waya wake uliishia kwenye kibanio cha kubana kidole cha mgonjwa, na kioo kilionyesha namba ya hewa iliyomo kwenye damu. Namba ikishuka, mashine inalia. Taabu yake ni kwamba ililia hata kidole kikiwa baridi tu. Sista, mama wa makamo mwenye miguu ya kuvimba, alichoka kukimbia bure.

"Ikilia, sugua kidole kwanza," alimwambia Kaka. "Ikikataa ndiyo uniite. Usinikimbize kwa baridi, baba."

Kaka aliipenda kazi hiyo kuliko ufagio. Jioni alinishika vidole akinionyesha inavyofanywa.

Kitanda cha sita alilala fundi seremala mzee, mapafu yameharibiwa na vumbi la mbao, mpira wa hewa puani ukitoka kwenye mtungi nyuma ya kichwa chake. Mashine ikilia, aliita kwa sauti ya kukwaruza, "We Pasi, njoo uninyooshe, nimejikunja kama shati la mlevi!"

Kaka anasugua, namba inapanda. "Umenyooka, mzee. Bado kola tu."

Jumanne moja asubuhi sista alikuwa chumba cha mwisho akifunga kidonda. Mashine ikalia kitanda cha sita. Themanini na sita. Kaka akaegemeza ufagio, akasugua.

"Leo baridi imekuingia kweli, mzee."

Fundi hakutania. Kaka akahamishia kibanio kidole kingine, akasugua, akapuliza. Themanini na moja. Fundi akainua mkono wa pili, akaupeleka nyuma ya kichwa. Kaka akadhani anataka na huo usuguliwe. Akaudaka, akaushusha, akausugua. Sabini na nne. Hapo ndipo alipopiga kelele.

Sista alifika akichechemea. Hakutazama kidole. Alitazama mtungi. Mshale wa kipimo chake ulikuwa umelala kwenye sifuri. Mtungi mwingine ulipofika, fundi hakuuhitaji tena.

Walipoitwa ofisini, sista alisema, "Mimi ndiye niliyemfundisha." Kaka akabaki na kazi yake. Siku hizi mashine ikilia tu anaita, sista anakuja na miguu yake, anakuta kidole baridi, anasugua mwenyewe. Hamgombezi.

Mimi aliniambia mara moja, tukiwa tunaosha miguu uani. "Vidole vyake vilikuwa na joto, mdogo wangu. Tangu mwanzo. Nilivishika mwenyewe vina joto, na bado nasugua."

Nikammiminia maji miguuni.

Juzi mama yetu alinyoosha mikono yake yenye baridi yabisi, kama alivyozoea. "Pasi wangu, hebu."

Kaka akaitia yake mifukoni. "Mdogo wangu atakusugua, mama."

Nikamsugua. Mama akavumilia kidogo, kisha akaivuta mikono yake taratibu. Yangu ina baridi.