Msiba Usio na Kilio

Juzi nilipita karibu na jiko la jirani hapa mtaani Mabawa, harufu ya mawese ikanisimamisha. Nyinyi mnaoyajua mafuta yale mnajua yanavyoingia puani bila kubisha hodi. Mimi niliyajua nikiwa mtoto wa madrasa, pale Mama Riziki alipotoka Kongo akapanga chumba cha uani, nyumba ya pili kutoka kwetu, yeye na kitoto chake kichanga. Bibi yangu, aliyeamini kuwa mchuzi usiotiwa nazi ni chakula cha mgonjwa, aliziba pua kwa kanga wiki nzima.

Maneno yalikuwa mengi mtaani wakati ule: wageni wamezidi, wanatubania riziki. Ndipo vijana wa msikitini na wa kanisani wakaanzisha Jioni ya Majirani. Kila Ijumaa baada ya alasiri tulikusanyika kiwanja cha shule, Warundi, Wakongo, wajukuu wa Wamakonde waliokuja kukata mkonge, na sisi wenyeji, tukala sinia moja. Kitambaa kilichotundikwa kiliandikwa: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mama Riziki aliimba wimbo wa kwao wa kubembeleza mtoto, na hakuna aliyempigia vigelegele kumshinda Bibi.

Nyumbani, wimbo uleule ulikuwa kero. Mtoto akisumbuliwa na tumbo, mama akiimba, mwenye nyumba aligonga ukuta.

"Mama, hapa tunaishi na watu. Usitupigie kelele."

Bibi naye aliunga mkono: "Mgeni siku mbili, ya tatu mfunze adabu."

Mama Riziki akanyamaza. Tukasema sasa ameshatuzoea.

Kwetu msiba hutangazwa na kilio. Ukiisikia sauti ya mama imepasuka, unaacha hata chungu motoni. Asubuhi moja Bibi alinituma kwa Mama Riziki nikaazime chungio. Nilimkuta amekaa sakafuni, mbeleko imekunjwa mapajani. Nilimwamkia shikamoo, nikaangaza chumba kizima, sikumwona mtoto. Nikarudi kumwambia Bibi, naye akatoka mbio hata viatu hakuvaa.

Homa ilikuwa imemchukua mtoto juzi yake. Wakongo wenzake wachache wakamzika, wakatawanyika, na sisi, nyumba ya pili tu, tulikuwa tunakaanga maandazi.

"Mwanangu, mbona hukulia tukakusikia?" Bibi aliuliza.

Mama Riziki alijibu polepole, bila ukali. "Mulisema nisipige makelele, bibi."

Bibi alitoka uani akashika kichwa. Huyu ndiye aliyekuwa akiwakemea wanawake misibani, akisema kumlilia maiti kwa mayowe hakufai. Siku ile alilia kwa sauti yote aliyojaliwa, mpaka milango ikafunguka na watu wakaja mbio wakiuliza nani amefariki. Waliingia, wakaketi mkekani, na matanga yakakaliwa kama ya mtu wetu.

Ila kabla hawajafika, Mama Riziki alitoka chumbani haraka, akamziba Bibi mdomo kwa kiganja. "Nyamaza, bibi, nyamaza," alimwambia, huku akiutazama mlango wa mwenye nyumba.

Nilidhani anamfariji. Nilimstaajabia mfiwa yule anayewafariji wengine, nikamsifia moyo wake kwa miaka mingi. Mpaka nami nilipopanga ugenini, na mwanangu akiwa mgongoni, ndipo nilipoelewa. Mtoto aliyekufa alikuwa wake, na bado alikuwa anatuogopa sisi.