Tawi la Ng'ambo ya Mpaka

Wafanyakazi wake walimwita Mzee Sponji, naye hakukasirika, maana ni kweli sponji ndiyo iliyoula ujana wake. Alikuwa mwendesha mashine ya kukatia katika kiwanda cha magodoro cha serikali. Serikali ilipochoka na viwanda ikaanza kuviuza, wenzake walishika jembe; yeye akainunua ile mashine kuukuu, ambayo kelele zake alizielewa peke yake, akaifunga uani kwake. Mkewe akashona makava. Magodoro wakayaita Tulia, na watoto wao wawili wakakua wakirukaruka juu ya vipande vilivyobaki.

Miaka ikapita, soko likafurika magodoro ya bei chee kutoka nje. Mzee akaona heri naye afungue tawi ng'ambo ya mpaka kabla hajafukuzwa kwake mwenyewe. Mwanawe wa kwanza, wa kiume, alibaki na karakana. Aliyepelekwa ng'ambo ni binti. Mkewe alipomuuliza kwa nini, alijibu kwamba binti ana mdomo wa biashara. Hiyo ilikuwa nusu ya jibu. Nusu nyingine aliimeza.

Tawi lilisimama imara. Kilichoanza kuyumba ni nyumbani. Mgongo wa Mzee uligoma, kijana akazidiwa, oda zikachelewa, wateja wakaanza kununa. Mzee akaamua: tawi lifungwe, binti arudi amsaidie kaka yake. Maneno kama hayo si ya simu, kwa hiyo alitafuta pasipoti kwa mara ya kwanza maishani mwake, akapanda basi.

Karakana ya binti ilikuwa nyuma ya kituo cha mafuta, safi, ina madirisha makubwa. Lakini magodoro hakuyatambua. Yalikuwa magumu kama benchi, na jina lililoshonwa pembeni lilikuwa geni.

"Tulia iko wapi?" aliuliza.

Binti akatabasamu. Alimweleza kwamba kwa lugha ya huku, neno hilo linafanana na sauti ya kufukuzia mbuzi. Mwanzoni watu walikuwa wanakuja kucheka, si kununua. Na magodoro laini hawayataki, wanasema yanawavunja migongo.

Mzee alilikandamiza godoro kwa ngumi, kama alivyofanya maisha yake yote, akaguna. Usiku alilazwa juu ya hilohilo. Asubuhi alivaa viatu bila kushika ukuta, ila hilo hakumwambia mtu.

Baada ya chai alitoa maneno aliyokuja nayo. Binti alimsikiliza hadi mwisho huku akikata nyuzi zilizoning'inia kwenye kava.

"Baba, mimi ulinipa mashine iliyochoka na fundi mmoja. Kaka ulimwachia kila kitu. Nilijua maana yake."

"Maana yake nini?"

"Kwamba nikishindwa, haitauma sana."

Mzee alifungua mdomo akane. Mteja akaita nje. Binti alitoka, akazungumza naye lugha ile kwa mikono na kwa macho, mafundi wakacheka pamoja naye, na mteja, mama mtu mzima, akamshika bega kama mtu anayemshika mwanawe. Mzee aliyaona yote kupitia dirisha.

Binti aliporudi, Mzee alisema taratibu, "Kaka yako amezidiwa, mwanangu."

"Najua. Hunipigia simu kila mara. Mlete huku akae nami, aone tunavyofanya. Mimi sirudi."

Mzaliwa wa kwanza akafundishwe na mdogo wake? Njia nzima kwenye basi Mzee aliligeuzageuza jambo hilo, na alipofika nyumbani bado hakuwa amelikubali. Lakini alimwita kijana akamwambia afunge begi. Kijana, badala ya kuona aibu, alishusha pumzi kama aliyetuliwa mzigo.

Siku hizi, kijana akiwa amesharudi, nyumbani wanatengeneza magodoro ya aina mbili, laini na magumu. Kijana bado huchelewesha oda, ingawa si kama zamani. Tawi, Mzee mwenyewe alikwenda kuliandikisha kwa jina la binti, akilalamikia foleni tangu mwanzo hadi mwisho. Jirani akiuliza binti atarudi lini, hujibu, "Yuko kazini kwake."

Mkewe hajaridhika. Juzi, wakikunja makava, aliuliza binti akiolewa hukohuko, wajukuu wataongea nao lugha gani. Mzee aliendelea kukunja. Hilo hakuwa amelifikiria.