Mama Sabuni na Sare za Majeruhi

Hospitalini walimwita Mama Sabuni, naye hakulikataa jina hilo. Majina aliyobandikwa ukweni yalikuwa mabaya zaidi. Mumewe alipooa mke mdogo, shemeji yake ndiye aliyemtupia godoro nje, majirani wakitazama kama wako sinema. Ndipo akaja kufua mashuka ya wagonjwa.

Vita vilipopamba moto, daktari alikimbia. Akabaki muuguzi, mwanamke mpole kwa wagonjwa na mkali kama pilipili kwa wazembe. Yeye ndiye aliyeweka utaratibu: bunduki haikanyagi ndani, na majeruhi akifika mlangoni anavuliwa sare, anavishwa shuka. Mama Sabuni alizikusanya sare za pande zote mbili, akazitumbukiza kwenye pipa moja la maji ya moto. Wodini wakabaki watu tu, wakigombania mito na kulalamikia uji.

Asubuhi moja wenye silaha wakavunja geti. Aliyewaongoza alikuwa shemeji yule yule.

"Shemeji! Kumbe uko huku?"

"Leo ndio nimekuwa shemeji? Siku ya godoro nilikuwa nani?"

Wenzake wakaangua kicheko. Yeye hakucheka.

"Humu kuna adui zetu, na wewe ndiye unayewavua. Tuonyeshe, tuondoke zetu. Nyumba yako nitakurudishia mwenyewe."

Nyumba ile aliitaka. Matofali yake aliyabeba kichwani mwake. Na mmoja wa waliotafutwa alikuwa pale pale kando ya dirisha, mguu umefungwa, macho yamemtoka. Kukonyeza tu kungetosha.

"Mimi nafua nguo, sifui sura," akasema. "Hapa kuna wagonjwa. Basi."

Muuguzi akatoka na glavu zake mkononi. "Jamani, hii ni hospitali. Tokeni na hizo bunduki."

"Haya, twende ukatutajie wewe," shemeji akamjibu.

Wakamburuta mpaka kwenye gari. Mama Sabuni alikimbia nyuma yao akipiga kelele, akasukumwa, akaanguka kifudifudi.

Muuguzi hakurudi. Ndugu wa wagonjwa wakamgeuzia kibao mfuaji.

"Ungemtaja mmoja tu! Sasa hawa wengine watatibiwa na nani? Na wewe?"

Alimtazama yule wa dirishani, labda angesema neno. Majeruhi yule akageukia ukutani.

Kesho yake akaletwa majeruhi kwa mkokoteni, damu ikimchuruzika pajani. Mama Sabuni akamvua sare, akamfunika shuka. Hapo ujuzi wake ukaishia. Akakunja taulo, akalikandamiza jeraha kwa nguvu zake zote, taulo likalowa, akachukua jingine.

"Jamani, nani anajua? Nani anajua la kufanya?"

Wodi nzima ilimsikia. Waliokuwa wakimsema jana wakainamisha vichwa, naye akaendelea kukandamiza.